Je, Jina Peke Yake ni Kosa?
Somo juu ya mateso ya Wakristo wa kwanza

Aghalabu huulizwa: Wakristo wa mwanzo waliuawa kwa kosa gani? Jibu limo katika barua aliyoiandika Pliny, liwali wa Bithynia, kaskazini ya Uturuki ya leo, kwa Kaisari Trajan yapata mwaka 112.

Liwali aliuliza: Je, mtu aadhibiwe kwa jina la Ukristo tu, au kwa maovu yanayoambatana nalo? Lakini kabla hajajibiwa alikwisha kuwaua watu. Mshitakiwa aliulizwa mara tatu kama ni Mkristo, huku akitishwa. Aliyeshikilia imani yake aliuawa, na raia wa Kirumi walitengwa wapelekwe Roma. Aliyekana alitakiwa aombe miungu, afukize ubani na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari, na kumlaani Kristo.

Ili apate siri zao, Pliny aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa. Hakugundua uhalifu wowote. Na walioiacha imani hiyo walimweleza nini? Ya kuwa walikusanyika siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo, na kuapa wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi wala wasikane amana!

Trajan alijibu: wasitafutwe, lakini wakishitakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, na atakayeabudu miungu asamehewe. Mwaka 197, Tertullian wa Carthage aliifichua kasoro hiyo: kama wana hatia, mbona wasitafutwe? Kama hawana, mbona waadhibiwe? Wahalifu wengine huteswa ili wakiri. Mkristo aliteswa ili akane.

Mwaka 303 Diocletian alianzisha mateso makali zaidi. Galerius aliyasimamisha mwaka 311, na mwaka 313 Constantine na Licinius wakaruhusu kila mtu afuate dini yake. Lakini yapata mwaka 385, huko Trier, askofu Priscillian alishitakiwa na maaskofu wenzake, akauawa kwa hukumu ya Kaisari Mkristo, ijapokuwa Martin wa Tours alisihi damu isimwagwe. Walioteswa jana walikuwa wameushika upanga.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, uthabiti wa shahidi huonyesha unyofu wa moyo wake. Usahihi wa kila itikadi yake yafaa upimwe kwa hoja. Pili, upanga waweza kuubadili ulimi, moyo hauufikii. Ndiyo maana Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, imekataza kulazimishana katika dini. Basi anayedai kuipenda haki na ajiulize: je, huitetea hata kwa yule asiyeafikiana naye?