Nyaya Mdomoni, Floraidi Mswakini: Kijitabu kwa Familia za Mfangano

Kunyoosha meno kwa nyaya, zile ambazo vijana huziita breisi, huchukua takriban miaka miwili. Kwa kijana wa Sena, kumwona daktari wa kazi hiyo ni safari: boti hadi Mbita, kisha feri ya Luanda Kotieno au barabara ya Homa Bay, mpaka Kisumu. Ziwa likichafuka, miadi husogezwa mbele. Kinga ya meno haya basi haiwezi kumngoja daktari. Lazima ianzie nyumbani.

Madoa meupe

Vishikizo vinavyogandishwa kwenye meno hunasa chakula. Ukoga hujikusanya kuvizunguka, bakteria waliomo hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba la jino. Dalili ya kwanza ni doa jeupe mithili ya chaki, pembeni mwa kishikizo. Laweza kuonekana ndani ya wiki nne tu ukoga usipoondolewa. Haliumi, na hapo ndipo penye hatari: wengi huligundua siku nyaya zinapotolewa, meno yamenyooka lakini yana alama. Likipuuzwa, jino hutoboka.

Zamani Wajaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini kuonyesha kwamba wamekua. Leo wajukuu wao wanalipa pesa nyingi ili meno yapangike. Pesa hizo zisiishie kwenye madoa.

Kinga ya madoa hayo ni floraidi iliyomo katika dawa ya meno: hupunguza upotevu wa madini na kusaidia kuyarudisha kwenye gamba lililoanza kulainika. Gamba likijengeka upya pamoja nayo, huistahimili asidi kuliko awali.

"Lakini si floraidi ndiyo inayoharibu meno?"

Swali hili ni la haki. Wengi wetu tumewaona watu wa Nakuru, Naivasha au Baringo wenye meno ya kahawia. Madoa yale hutokana na kunywa maji yenye floraidi nyingi utotoni, wakati meno yangali yakiumbwa ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji ya Ziwa Victoria yako chini ya hapo. Visima ni habari nyingine, vipimwe.

Mtoto akifika takriban miaka 8, sehemu ya juu ya meno yake imekwisha kuumbika, isipokuwa magego ya mwisho. Kijana wa miaka 13 anayepiga mswaki na kutema hawezi kupata madoa ya kahawia kwenye meno yake ya mbele. Mwaka 2021 Shirika hilo liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

La kufanya

Soma bomba la dawa ya meno kabla ya kununua: floraidi iwe sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kiasi kinachoandikwa kwa herufi ppm. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, juu ya waya na chini yake, hadi kwenye ufizi. Kisha tema, usisukutue kwa maji. Ukisukutua unaimwaga dawa uliyoinunua. Mkaa na chumvi havina kazi hii, na mswaki wa mti haufiki nyuma ya waya.

Dawa ya kusukutua yenye floraidi itumike saa tofauti na mswaki, isimezwe, na isipewe mtoto wa chini ya miaka 6. Dawa kali ya sehemu 5,000 ni ya kuandikiwa na daktari.

Omena, ngege na ugali havina neno. Chai ya sukari inayonywewa kutwa nzima, soda na peremende ndizo zinazolisha bakteria; zikiwepo, ziwe pamoja na mlo. Miwa na mahindi makavu ya kuchoma hung'oa vishikizo, na kishikizo kimoja ni safari nyingine ya Kisumu.

Mzazi, kabla hujalipia nyaya, muulize daktari kama atampaka mwanao vanishi ya floraidi katika ziara zake, na kama bei aliyokutajia inaijumuisha.