Mawe ya Isingiro na Jinsi Yalivyofanyika

Watu wengi hukanyaga mawe kila siku wasiyajue. Mwashi hulitaka jiwe kwa msingi, mama hulitaka kwa mafiga, na mtoto hulitaka la kumtupia ndege. Lakini ni wachache waulizao jiwe lenyewe lilitoka wapi. Kwetu sisi wa Isingiro swali hili lina faida hasa, maana nchi hii ni nchi ya bati, na penye madini hapakosi walaghai. Mtu asiyejua mawe huweza kuuziwa king'aacho bure, au kuliacha shamba lake akachimba shimo lisilo na kitu. Basi nitaeleza kwa ufupi mawe ni nini, yalifanyikaje, na jinsi mtu awezavyo kuyapambanua.

Yafaa tuanze kwa kutofautisha madini na mwamba. Madini ni kitu cha asili kisicho na uhai, chenye kemia yake maalumu, na chembe zake zimepangika kwa utaratibu mmoja. Chumvi ya Ziwa Katwe ni madini, tena tunayala. Mwamba ni mkusanyiko wa madini. Mfano wake ni sahani ya makande: waona mahindi na maharagwe mbalimbali, lakini chakula ni kimoja. Vunja kipande cha graniti uone. Mna kwatsi kama kioo chenye ukungu, mna feldispa nyeupe au ya rangi ya waridi, na mna ulanga unaong'aa kama magamba ya samaki.

Miamba yote ya dunia imegawanyika katika koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni miamba ya moto. Hii ilikuwa uji wa mawe chini ya ardhi, kisha ikapoa. Ndugu zetu wa Nakivale waliotoka Goma hawahitaji kufundishwa habari hii. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, tena mwaka 2002, ambapo uji wa moto uliingia mjini Goma, na tena mwaka 2021. Uji ule ulipoa upesi juu ya nchi, kwa hiyo jiwe lake ni jeusi na punje zake hazionekani kwa macho. Mara nyingi lina vitundu vilivyoachwa na hewa iliyokuwa ikitoka. Graniti nayo ilipoa polepole sana, mbali chini, punje zake zikapata nafasi ya kukua. Hii ndiyo kanuni: punje kubwa, kupoa taratibu, punje ndogo, kupoa haraka.

Ukoo wa pili ni miamba ya mashapo. Tazama Mto Rwizi baada ya mvua kubwa ya Mbarara. Maji yake huwa mekundu kwa udongo uliochukuliwa vilimani. Maji yakitulia, udongo hukaa chini, tabaka juu ya tabaka. Matabaka yakilemewa kwa muda mrefu mno, mchanga huwa jiwe la mchanga, na tope huwa jiwe la tope. Mawe ya chokaa ya Hima, yatumiwayo kutengeneza saruji, ni ya ukoo huu pia.

Ukoo wa tatu ni miamba iliyogeuzwa. Jiwe lolote likibanwa na kupikwa ndani ya ardhi bila kuyeyuka, hugeuka. Ni kama tofali: liliingia tanuru likiwa udongo, likatoka kitu kingine. Jiwe la mchanga hugeuka kuwa kwatsaiti ngumu, jiwe la tope huwa sleti, na chokaa huwa marumaru.

Sasa tuvitazame vilima vyetu. Zamani sana, miaka zaidi ya milioni 1,000 iliyopita, mahali hapa palikuwa na maji, na mchanga na tope vikatulia chini yake. Baadaye matabaka yale yalikunjwa na kugeuzwa. Penye kwatsaiti ngumu pamebaki migongo ya vilima, kwa kuwa mvua haiimalizi upesi. Penye graniti iliyooza pamelika pakawa mabonde mapana yaliyozungukwa na vilima kama ua wa boma. Wataalamu huyaita mabonde hayo arena. A. D. Combe wa Idara ya Jiolojia ya Uganda aliyaeleza mawe ya kusini-magharibi mwa Ankole na bati lake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1932.

Bati lilikujaje? Miaka karibu milioni 1,000 iliyopita, graniti nyingine ilipanda kutoka chini. Ilipokuwa ikipoa, maji ya moto yaliyobaki yalipenya katika nyufa yakibeba kwatsi na bati, na yalipopoa yakaviacha humo. Kwa sababu hiyo jiwe la bati, liitwalo kasiteriti, hupatikana katika mishipa ya kwatsi nyeupe, kama ile iliyochimbwa Kikagati. Ukanda huu wa miamba, uitwao Karagwe-Ankole, hauishii mtoni Kagera. Wavuka hadi Karagwe na Kyerwa katika Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwenyeji wa Isingiro na mgeni aliyefika Nakivale kutoka Rwanda huenda wamezaliwa juu ya jiwe moja.

Jiwe hupambanuliwaje? Usitegemee kung'aa. Ulanga hung'aa kuliko bati, lakini waweza kuubandua kwa ukucha. Fanya majaribio haya manne.

La kwanza, ugumu. Kwatsi na kasiteriti zote mbili hukwaruza kioo; ulanga hauwezi.

La pili, unga. Sugua jiwe nyuma ya kigae kisicho na rangi ya kung'aa. Jiwe la chuma lililo jekundu huacha alama nyekundu. Kasiteriti, ijapokuwa ni nyeusi au ya kahawia, huacha alama hafifu iliyo karibu na nyeupe.

La tatu, sumaku. Chuma cha sumaku huvutwa kwa nguvu. Kasiteriti safi haivutwi hivyo.

La nne, uzito, nalo ndilo bora. Pima jiwe hewani, kisha lining'inize kwa uzi ndani ya maji ulipime tena. Gawanya uzito wa hewani kwa uzito uliopungua. Tuseme jiwe lina gramu 280 hewani na gramu 240 majini. Limepungua gramu 40, na 280 kwa 40 ni 7. Hiyo ndiyo namba ya kasiteriti. Jiwe jingine lina gramu 265 hewani na 165 majini. Jawabu ni 2.65, nalo ni kwatsi tupu, hata muuzaji akiapa.

Mwisho, mambo mawili ya kuangalia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 244, yasema kwamba madini yote yamo mikononi mwa Serikali kwa niaba ya nchi, hata yakiwa chini ya shamba lako; ila udongo wa mfinyanzi, mchanga, changarawe nyekundu ya barabara na mawe ya kawaida ya kujengea hayahesabiwi humo. Basi asije mtu akakuuzia shimo la bati bila leseni. Jambo la pili ni vumbi. Vumbi la kwatsi likiingia mapafuni halitoki, nalo huleta ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Wavunjao kokoto na walowanishe mawe kwa maji kwanza, wakae upande utokako upepo, na watoto wasogezwe mbali.

Ndugu wasomaji, shule yenye mizani, uzi na ndoo ya maji yaweza kuanza kazi hii leo. Kila mmoja na alete jiwe moja la kwao, alipime, na aandike jina la mahali lilipookotwa. Tukifanya hivyo kwa mwaka mmoja tutakuwa na kabati la mawe, na mlaghai akija na jiwe lake liking'aa, atatukuta tumekwisha kuutia uzi kwenye mizani.