Shabaha Katika Masomo ya Uzamili

Katika miji ya Kitale na Bungoma wako walimu na watumishi wengi ambao, baada ya kazi ya mchana, hujitwika kazi ya pili, nayo ni kutafuta shahada ya uzamili. Zamani elimu ya juu ilitaka safari ndefu. Dr. Julius Kiano, Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, aliipata Marekani mwaka 1956. Siku hizi Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, kiko karibu na mji wa Bungoma, na mtu wa Kitale aweza kwenda na kurudi siku moja.

Lakini chuo kuwa karibu hakufupishi masomo. Wengi humaliza vizuri masomo ya darasani, ambako mwalimu hupanga saa na mtihani huweka siku. Wafikapo kwenye tasnifu, ambako hakuna kengele, husimama. Mwaka hupita, karo huongezeka, mkopo wa Sacco huendelea kukatwa katika mshahara, na shahada haionekani. Mara nyingi kilichokosekana ni shabaha zilizopangwa.

Kitale yenyewe ina mfano wa kufuatwa. Mwaka 1955 Bwana Michael Harrison alianza huko kazi ya kutafuta mbegu bora ya mahindi. Mwaka 1961 wakulima walipewa aina iitwayo Kitale Synthetic II. Aina hiyo ilipochanganywa na mahindi yaliyotoka Ecuador, ilipatikana Hybrid 611, iliyotolewa mwaka 1964. Kazi ile ilichukua miaka 9, lakini matunda hayakungojewa mpaka mwisho: hatua ya kwanza ilitoa kitu cha kutumika, na kitu hicho kikawa mzazi wa hatua iliyofuata. Mwanafunzi naye yampasa kuigawanya kazi yake vivyo hivyo.

Kwanza, shabaha iwe kitu cha kuonekana kwa macho, tena chenye tarehe. “Nitasoma kwa bidii” ni nia njema tu. “Tarehe 30 Juni nitampa msimamizi kurasa 10 za pendekezo la utafiti” ni shabaha, kwa maana siku hiyo ikifika hapana ubishi kama imetimizwa au la.

Pili, shabaha zifuate majira. Katika Trans Nzoia mahindi hupandwa mwezi wa Machi na Aprili, na mavuno huanza mwezi wa Oktoba. Mwalimu mwenye shamba asijipangie kuandika sura nzima wakati wa kupanda. Likizo ya Agosti, palizi ikiwa imekwisha, yafaa zaidi kwa kuandika. Lakini kama utafiti wake wahusu wanafunzi, akumbuke kwamba likizoni hatawakuta shuleni.

Tatu, ayatenge mambo yaliyo mikononi mwake na yale yaliyo mikononi mwa wengine. Kabla ya kukusanya habari, mtafiti hutakiwa kupata kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Siku ya kupata kibali hawezi kuiamua, lakini siku ya kupeleka ombi aweza. Basi na apeleke mapema, na wakati wa kungoja asome na kuandika sura ihusuyo kazi za watafiti waliomtangulia.

Nne, kila mwisho wa mwezi ajihesabie. Katika daftari apige safu tatu: lililokusudiwa, lililofanywa, na lililozuia. Shabaha ikikosekana mara moja, abadili tarehe. Ikikosekana mara tatu kwa sababu ile ile, ni kubwa mno. Aikate vipande viwili. Kufanya hivyo si aibu. Mkulima ambaye mbegu zake hazikuota zote hurudishia penye mapengo, haliachi shamba.

Tano, watu wa nyumbani wazijue shabaha hizo. Fedha za karo hutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na sare za watoto. Mke au mume ajuaye kwamba saa mbili za alfajiri ni za tasnifu mpaka mwisho wa Agosti atazilinda saa hizo. Asiyeambiwa ataona tu mtu aliyejifungia na vitabu, na manung'uniko yataingia nyumbani.

Haba na haba hujaza kibaba. Aliyesimama njiani na aanze jioni hii kwa kuandika shabaha moja tu, yenye tarehe isiyozidi mwezi mmoja, na kuibandika ukutani mahali ambapo jamaa zake wote wataiona.