SOMO LA MWEZI: DAWA YA SONONA HAIACHWI GHAFLA

Soma kwanza: Isaya 38:1–5 na 21

Mwezi huu tujifunze habari ya mfalme Hezekia. Aliugua karibu ya kufa, akamwomba Mungu kwa machozi, akaongezewa miaka 15. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala ilikwisha kusikiwa, na dawa ikatumika vile vile. Fundisho hilo tulitie katika jambo linalowasumbua wengi wetu kimya kimya, yaani dawa za sonona.

Sonona si huzuni ya kawaida wala upungufu wa imani. Ni ugonjwa. Kwa majuma mawili au zaidi mtu hukosa raha, usingizi na nguvu, hata akakata tamaa ya kuishi. Daktari akiona yafaa humpa dawa, kama vile amitriptilini au fluoksetini.

1. Maudhi ya dawa

Amitriptilini huweza kuleta usingizi, kinywa kikavu, choo kigumu, na kizunguzungu mtu ainukapo. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi, tena hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mume na mke wasione haya kumweleza daktari, maana anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa.

Maudhi huanza siku za kwanza, bali nafuu huchukua majuma 2 hadi 4, au zaidi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe sana majuma hayo, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja hudhuru moyo na huweza kuua. Kwa hiyo ifungiwe mbali na watoto.

2. Hatari ya kuacha ghafla

Mtu akishapata nafuu, au akitoka katika mkutano wa maombi, huenda akatupa vidonge. Baada ya siku chache huona kizunguzungu, jasho, wasiwasi, hasira, ndoto za kutisha, na kama mshtuko wa umeme kichwani. Majirani husema ana pepo, au amerogwa. Sivyo. Ubongo ulikwisha kuizoea dawa, nao wahitaji muda. Paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini upesi, kwa hiyo huleta dalili hizi zaidi. Fluoksetini hukawia mwilini, nazo huwa chache. Kwa wengi huisha katika majuma machache. Kwa wengine huchukua miezi.

Tena sonona yenyewe huweza kurudi. Dalili za kuacha dawa kwa kawaida huanza baada ya siku chache. Ugonjwa hurudi polepole, kwa majuma au miezi. Daktari ndiye wa kupambanua.

3. Tufanyeje?

(a) Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupona, kisha ipunguzwe kidogo kidogo, kwa muda usiopungua majuma 4. Wengine huhitaji muda mrefu zaidi.

(b) Tuhesabu vidonge kabla ya safari, na kabla zahanati haijaishiwa.

(c) Aliyekwisha kuacha, naye anaona dalili hizo, arudi kwa daktari bila kukawia.

(d) Anayesema habari za kujiua asiachwe peke yake; apelekwe hospitali siku ile ile.

(e) Tunaowaombea wagonjwa tusimwambie mtu atupe dawa ili aonyeshe imani. Tukisema hivyo, tunamtwika mzigo ambao Isaya hakumtwika Hezekia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini Isaya aliagiza dawa, na sala ilikwisha kujibiwa?
2. Je, mgonjwa wa sonona katika mtaa wetu aweza kusema wazi kwamba anameza dawa? Kama hawezi, ni nani anayemzuia?
3. Ni nani nyumbani awezaye kumkumbusha mgonjwa siku ya kurudi kwa daktari?