Mali bila Daftari

Sote twaijua mithali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wafanya biashara huifuata katika mambo ya fedha. Lakini mawazo ya mtu nayo ni mali, tena hupotea upesi kuliko fedha. Kwa hiyo mwezi huu twataka kujifunza faida ya kuyaandika, na kielelezo chetu ni Michael Faraday, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1791 na kufariki mwaka wa 1867.

Baba yake alikuwa mhunzi maskini, na shule alisoma kidogo tu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliwekwa kwa fundi mmoja wa London, ajifunze kazi ya kufunga vitabu na kuvitia majalada. Vitabu alivyovitengeneza alivisoma pia, na maneno yaliyomfaa akayanakili katika daftari lake. Mwaka wa 1812 mnunuzi mmoja akampa tikiti za kwenda kusikiliza mafundisho manne ya Humphry Davy, mtaalamu mkuu wa kemia, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Faraday akayaandika aliyoyasikia, akachora na picha za vyombo, akayatia yote jalada kwa mikono yake, akampelekea Davy mwenyewe pamoja na ombi la kazi. Mwezi wa Machi 1813 akapokewa kuwa msaidizi. Hakuwa na cheti cha chuo; daftari ndilo lililomshuhudia.

Hata alipokuwa mtaalamu hakuiacha desturi ile. Mwaka wa 1822 aliandika neno fupi, ya kwamba yapasa kuigeuza nguvu ya sumaku iwe umeme. Akajaribu, asifaulu. Miaka ikapita, akajaribu tena, asifaulu. Hata tarehe 29 Agosti 1831 akatwaa pete ya chuma, akaizungushia nyuzi za shaba pande mbili. Alipouunga uzi wa upande mmoja na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na uzi wa upande wa pili ikatikisika. Na alipoutenga, ikatikisika tena. Wazo lile lilikuwa limengoja miaka 9. Hata leo mitambo mikubwa ya umeme hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Tena Faraday alilalamika mara nyingi kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu. Kwa hiyo aliandika kila jaribio, lililofaulu na lisilofaulu, na mafungu yake akayatia namba, hata yakapita 16,000.

Basi, sisi tufanyeje?

Kwanza, tuandike siku ile ile, na tarehe juu yake. Wazo la asubuhi jioni halipo.

Pili, tuandike na maswali. Mwanafunzi wa ubatizo akimwuliza mwalimu neno asiloweza kulijibu, asilifunike kwa maneno mengi. Na aliandike, atafute, amrudie. Mwanafunzi atajua ya kuwa swali lake liliheshimiwa.

Tatu, tuandike na yaliyoshindikana. Somo ambalo watoto hawakulielewa liandikwe, pamoja na sababu, ili mwaka ujao lifundishwe kwa njia nyingine.

Nne, tuandike maneno ya wazee wetu: majina ya miti na kazi zake, mithali, habari za jinsi usharika ulivyoanza. Mambo hayo mengi hayamo katika kitabu cho chote. Mzee akizikwa leo, kesho tutamwuliza nani?

Tano, tuyasome tena tuliyoyaandika. Daftari lisilofunguliwa ni kama ghala lililofungwa hali watoto wana njaa.

Kazi hii haitaki mali wala elimu kubwa. Daftari dogo na kalamu ya risasi vyatosha. Kila mmoja wetu na ajipatie, aandike tarehe ya leo katika ukurasa wa kwanza, na chini yake neno moja asilotaka lipotee.