Muziki Uliokatwa kwa Wembe

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tumepata kusikia habari za Doctor Who, mchezo wa televisheni wa Uingereza unaosimulia safari za mtu apitaye katika zama na nyota. Sehemu yake ya kwanza, "An Unearthly Child", ilionyeshwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963. Leo nataka tujifunze jinsi muziki wake ulivyotengenezwa, na habari za aliyeutengeneza.

Wimbo wenyewe ulitungwa na Ron Grainer, akauandika katika karatasi. Kazi ya kuugeuza uwe sauti alipewa Delia Derbyshire, mwanamke wa miaka 26 aliyesoma hesabu na muziki huko Cambridge. Alikuwa katika karakana ya sauti ya BBC, Maida Vale, London, akisaidiwa na Dick Mills.

Hakutumia bendi. Alichukua mlio wa uzi mmoja uliokung'utwa kwa kidole, milio ya mitambo ya kupimia umeme, na uvumi kama wa mvua kubwa, akavinasa katika utepe. Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Tuseme uzi hutikisika mara 200 kwa sekunde. Utepe ukizungushwa kwa kasi maradufu, sikio litapata mitikisiko 400, na sauti itapanda kutoka do ya chini hadi do ya juu, kama wanakwaya wetu wajuavyo. Tena, utepe ukipita inchi 15 kwa sekunde, mlio wa nusu sekunde ni kipande cha inchi saba na nusu. Basi kila noti ilipimwa, ikakatwa kwa wembe, ikaunganishwa na nyingine.

Mara moja walisikia noti imekosewa. Wakazitandaza tepe katika ujia mrefu wa jengo, wakalinganisha viungo kimoja kimoja mpaka kosa likaonekana.

Mwenzao Brian Hodgson naye alipata mlio wa chombo cha safari kwa kukwaruza nyuzi za piano kuukuu kwa ufunguo wa nyumba ya mama yake.

Grainer aliposikia kazi hiyo alistaajabu, akataka Derbyshire apate nusu ya malipo yake. Kanuni za BBC zilikataza, kwa kuwa watu wa karakana hawakutajwa majina. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Jina lake liliandikwa katika mchezo huo kwa ajili ya muziki huo mwaka 2013, miaka 50 tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Hapa pete ilifika chanda kimekwisha zikwa. Basi, ndugu zangu, tukisifu kazi yo yote, iwe mchezo, jengo au hata karamu ya shule, tuulize pia ni nani aliyekuwa nyuma ya pazia, tena tuulize angali hai.