MTI MKAVU: TUUKATE AU TUUACHE?

Mti mkubwa ukikauka karibu na nyumba, neno la kwanza tunalosema ni, "Leteni shoka." Neno hilo lina haki yake, maana tawi bovu likianguka halichagui mtu. Lakini yafaa tujue tunakata nini.

Tutazame misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Huko yuko hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa. Yeye hatoboi mti. Hutafuta tundu lililokwisha kufanyika katika mti wa kale. Jike huingia, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba. Hukaa humo zaidi ya miezi 3, akilishwa na dume kwa ufa huo. Mti ukikatwa wakati huo, mama na kinda huangamia pamoja. Hasara ni yetu pia, kwa kuwa hondohondo hula matunda ya msituni na kuzitawanya mbegu zake mbali. Popo, bundi, komba na nyuki nao hutafuta matundu ya namna hiyo.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuulize: mti huu ukianguka utampiga nani? Mti wa mita 15 hufika mita 15, na vipande huruka mbele zaidi. Kama hapo hapana njia, nyumba, wala mahali pa watoto kuchezea, tuuache.

Pili, tuuchunguze. Uwazi wa ndani peke yake hautoshi kuuhukumu, maana mti hupandisha maji kwa tabaka za nje, si kwa moyo wake. Lakini uyoga shinani, ufa mpya, udongo uliofumuka penye mizizi, au mti ulioanza kuinama juzi, ni dalili za hatari.

Tatu, tuanze na lililo dogo. Pengine yatosha kuhamisha benchi au kugeuza njia. Pengine kuondoa matawi mazito na kuacha gogo fupi limesimama. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kamba na ujuzi, si ya kijana na panga. Naye atazame matundu kwanza. Akikuta makinda, na hatari si ya leo, angoje waruke.

Nne, palipo na hatari kubwa na watu wapitao kila siku, mti ukatwe bila kusitasita. Uhai wa mtoto hauwekwi rehani kwa ajili ya tundu. Hata hivyo gogo lake lilazwe kando, lioze polepole na kurutubisha udongo. Tena tupande mwingine, ingawa watakaoliona tundu lake ni wajukuu wetu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Mti wa kale katika mtaa wetu ni upi?
2. Nani hupita chini yake, na nani hukaa ndani yake?